Kaburi Nililowapa Wamarekani

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nawaambia naandika. Wengi huridhika hapo, wakadhani ni mambo ya magazeti. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi sasa nimekaa kwenye chumba changu cha kupanga hapa Ruiru nikiwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao za chuo. Wao wanaweka majina yao juu, wanapata alama, wanapigwa picha za mahafali na wazazi wao wanalia kwa furaha. Mimi napasha mukimo wa jana. Katika ploti yetu tuko watu sita tunaofanya hivyo, na kila mtu ana somo lake. Jirani wa mlango wa kulia amewauguza Wamarekani wengi kwenye karatasi na hajawahi kushika sindano.

Mimi nikaangukia historia. Na ndani ya historia nikaangukia kipande kimoja ambacho siku hizi sitaki hata kukisikia: habari za wale wazungu wa kwanza walioacha miji ya pwani ya Marekani wakaingia bara na mashoka, bunduki na ng'ombe wao, wakisema wanaenda kwenye nchi tupu. Nilifanya oda moja ya hayo, mteja akapenda, na mwenye akaunti ya mtandaoni tunayopokelea kazi akaanza kunirushia kila kitu chenye msitu na kofia ya manyoya. Nikawa mtaalamu. Mtu hajui hata Murang'a vizuri, lakini muulize Wamarekani wa zamani walipakaza nini kwenye kuta za vibanda vyao.

Walipakaza matope na kinyesi cha wanyama, ndiyo jibu. Walilala chumba kimoja, baba, mama, watoto wanane na mgeni, juu ya magodoro ya maganda ya mahindi yaliyojaa kunguni. Sabuni walichemsha kwa jivu na mafuta ya nguruwe yaliyooza, mishumaa kwa mafuta ya ng'ombe, na nyumba nzima ilinuka hivyo hivyo mpaka masika. Kwa hayo simcheki mtu. Umaskini ni umaskini, hata kwetu Theta watu wamelala na mbuzi. Kinachonitia kinyaa ni ile sauti ambayo mteja anataka niitumie, kama kwamba uchafu ukiwa wa mzungu ni ushujaa. Nimeandika maneno kama "uthabiti" na "moyo wa upainia" mpaka yakapoteza ladha mdomoni.

Na mashujaa wenyewe, nkt. Kuna mwindaji mmoja ambaye nimeletewa oda zake mpaka namwota. Vitabu vimejaa dubu na ujasiri wake, lakini ukisoma pembeni unakuta kazi yake nyingine ilikuwa kuwapimia watu mashamba ambayo wenyewe walikuwa bado wanayalima. Kuna yule mpole aliyetembea pekupeku akipanda matufaha, watoto wanamwimba, na hakuna anayewaambia kwamba huko miti ya matunda ilikuwa njia ya kuonyesha shamba limeshapata mwenyewe. Ai, si hata hapa jirani, Murera, tunawajua hao? Mtu anapanda migomba mitatu kwenye ploti ya wenyewe, anasimamisha choo cha mabati, na kesho yake anaapa kwamba babu yake alitahiriwa pale. Tofauti ni kwamba sisi hatumjengei sanamu. Na wale waliowaua nyati kwa maelfu, wakachukua ngozi na ulimi, nyama yote wakaiacha ioze juani! Niliandika kurasa kumi za hao siku moja, na mchana sikuweza kugusa chakula.

Sasa, haya ningeyavumilia. Kazi ni kazi. Nilichofanya mimi mwenyewe ndicho siwezi kukivumilia, na ndicho ninachotaka kukisimulia.

Nina nyanya, mama ya mama yangu, yuko Theta. Tunamwita cucu. Ana miaka tisini na kitu, masikio ni mazima kuliko yangu, miguu ndiyo imekataa. Kwa desturi yetu ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama ya mama, na mimi ni binti wa pili, kwa hivyo nimebeba jina lake lote bila kupunguza. Si jina tu. Mama yangu huniita "mami" tangu nilipozaliwa, kwa sababu mimi ni mama yake. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimkaripia na watu wakicheka wanasema, mwache, anakemewa na mamake. Na cucu mwenyewe hunihesabu kama rika lake. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mtoto aliyemzaa, atakuwa amejivua nguo. Lakini mjukuu wa jina lako utamwambia, maana ni kama unaongea peke yako.

Ndiyo maana aliniambia mimi habari za mtoto wake wa kwanza. Mama alijua tu kwamba kulikuwa na dada mkubwa aliyekufa, na kwamba yeye alipozaliwa baadaye alirudishiwa jina lile lile. Basi. Ukiuliza zaidi cucu alikuwa anakuagiza maji. Kwangu alianza kufungua Jumapili moja nikimpaka mafuta miguuni, na akaendelea Jumapili nyingine, kidogo kidogo.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya vita vya Mau Mau. Serikali ya wakoloni ilichoma nyumba zao na kuwasukuma kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Handaki lenyewe walilichimba wanawake, cucu akiwa mmoja wao, mtoto mgongoni. Hawakuruhusiwa kulima. Saa moja kwa siku walitolewa kwenda kutafuta kuni na maji, askari akiwa nyuma yao. Mtoto aliugua surua, na maziwa ya cucu yalikuwa yamekauka kwa njaa. Alikufa asubuhi, na cucu hakumwambia mtu. Alingoja saa ya kuni, akamfunga mgongoni kwa leso kama kawaida, akapita mbele ya askari na maiti ya mwanawe. Huko nje alimchimbia kwa panga la kuni. Kutoka nyumbani alikuwa amebeba figa moja, yaani jiwe moja kati ya matatu ya kupikia, na hilo ndilo alilomwekea juu. Alirudi na kuni, maana angerudi bila kuni wangeuliza. Siku hiyo, na siku nyingi baadaye, sufuria yake ilikaa upande kwa sababu mafiga yalikuwa mawili.

Alinisimulia yote isipokuwa mahali. "Mahali hapaelezwi," alisema. "Pale palipandwa kahawa juu. Nitakuonyesha kwa mkono."

Nilitoka Theta siku hiyo nimevimba macho. Kesho yake asubuhi kulikuwa na oda.

Ilikuwa ya msichana fulani wa huko Marekani. Aliambiwa na profesa wake aandike maisha ya mtu mmoja wa ukoo wake wa zile enzi za kwanza za kuingia bara. Alichokuwa nacho ni picha moja ya bibi wa bibi yake, amevaa kofia ya kitambaa na amekunja uso, na mistari miwili: kwamba alikwenda magharibi kwa gari la ng'ombe na kwamba alipoteza mtoto njiani. Maagizo yalikuwa mafupi. Profesa anataka hisia. Anataka vitu vya kugusika vya kila siku. Iwe tayari jioni.

Nilikaa mbele ya laptopu nikaangalia ile picha. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na sabuni ya jivu na mishumaa ya mafuta, lakini hisia sikuwa nazo. Hapana, hapo nadanganya. Nilikuwa nazo, zilikuwa bado za moto kutoka jana yake.

Nilijiambia nitabadilisha. Nikabadilisha kweli, si mimi ni fundi? Askari nikamgeuza kiongozi wa msafara. Saa ya kuni ikawa saa ambayo magari yalisimama ili ng'ombe wanywe maji. Leso ikawa shali. Yule mama wa kofia akapita mbele ya wenzake na mtoto aliyekufa mgongoni, asimwambie mtu, kwa sababu msafara haukungoja maiti. Akamchimbia. Akaweka juu moja ya mawe yake matatu ya kupikia, na jioni sufuria ikakaa upande. Hapo nilisahau kabisa ninaandika habari za nani. Mmarekani gani alisafiri na mafiga? Wale walikuwa na vyungu vya chuma vya kuning'iniza juu ya moto, mimi mwenyewe nimeviandika mara mia. Lakini sikuona kosa, maana kwangu jiko ni mawe matatu. Na profesa naye hakuona. Alilia, msichana akaniandikia, profesa alilia mbele ya darasa.

Mimi nilifurahi. Nalisema hili wazi maana ndilo linalonichukiza kuliko yote. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Cucu naye, pale Theta, alikuwa amekubali kutuonyesha mahali. Sababu ilikuwa kahawa. Lile shamba kubwa la kahawa nje ya Ruiru, ndimo alimozikwa mtoto, lilikuwa limeuzwa, miti inang'olewa, vibao vya ploti vimesimama kando ya barabara, na trekta ilikuwa imeshaanza upande wa chini. Mama alipopata kusikia kutoka kwangu kwamba dada yake amelala humo, hakula siku mbili. Mama amefanya kazi miaka yake yote kwenye kiwanda cha kusindika matunda kule Eneo la Viwanda Thika, si mtu wa maneno mengi. Aliniambia jambo moja tu.

"Mami, nimevaa jina la huyo mtoto maisha yangu yote. Sitaki achimbiwe choo juu yake."

Hilo tu ndilo alitaka: ajulishwe mahali, mchungaji aombe, mifupa ikipatikana itolewe, isipopatikana awaambie wajenzi pale pasiguswe. Tukapanga Jumamosi. Mama angekuja Theta na gari la kukodi, mimi nitangulie nimwandae cucu.

Ijumaa yake yule msichana wa Marekani aliniandikia tena. Hakuwa na oda, alitaka tu kunishukuru. Ile insha ilikuwa imesomwa kwenye mkutano wa ukoo wao, wazee wakatokwa na machozi, na wakaamua kufanya jambo. Alinitumia picha. Walikuwa wamesimama watu kama thelathini kwenye nyasi, shati safi, miwani ya jua, watoto mbele wameshika maua. Katikati kulikuwa na jiwe jipya la kaburi. Juu ya jiwe lile wamechonga mawe matatu madogo, moja likiwa limetengwa. Chini yake hakuna mtu. Walichagua tu kona nzuri ya makaburi ya familia.

Mtu mwenye akili angeifuta ile picha. Mimi niliibeba mpaka Theta Jumamosi asubuhi nikamwonyesha cucu. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka sifa. Alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la kanisa na sweta, ameketi mlangoni na fimbo magotini, tunangoja gari. Nikamwambia, cucu, habari yako imefika Amerika, tazama, watu wamelia, wamekuwekea jiwe. Nikamfungulia na ile insha, yenye picha ya yule mama wa kofia juu, nikamtafsiria kwa Kikuyu, mstari kwa mstari, nikitia na madoido.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, "Huyu mama alikuwa anafukuzwa na nani?"

"Hakufukuzwa na mtu, cucu. Alikuwa anahama. Wanaenda kutafuta shamba."

"Shamba la nani?"

 Nimeandika kurasa zisizo na idadi juu ya swali hilo hilo, najua makabila, najua mikataba iliyovunjwa, na nikajifanya natafuta mstari mwingine kwenye simu.

"Wenyewe walikuwa wapi?" akauliza tena.

"Walitolewa."

Cucu akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka karibu na jicho lake moja linaloona vizuri, akamtazama yule mama wa kofia.

"Huyu ni memsabu," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anakaa kwenye nyumba kubwa. Nilichuma kahawa yake kabla ya vita na baada ya vita. Umechukua mtoto wangu ukampa memsabu."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepumua. Nilianza kujitetea, aki nilianza hata kumweleza habari za oda na akaunti na jinsi vitu vikishatumwa si vyako tena. Maneno yalikuwa yananuka nikiyasema. Alinirudishia simu akapangusa kiganja chake kwenye gauni, lile gauni la kanisa.

Gari likafika. Mama akashuka na kitambaa cheupe kichwani na maua ameyafunga kwenye gazeti. Mchungaji alikuwa kiti cha mbele, akatusalimia kwa mkono dirishani. Cucu akasema, "Mwambie dereva arudi. Miguu imekataa." Mama akaniangalia mimi. Nikampokea yale maua.

Alikuja kujua sababu jioni ile, na nilimwambia mwenyewe, sikumficha. Aliosha vyombo vyote vya cucu, hata vilivyokuwa safi, ndipo akaniuliza kama wale wazungu wamechonga jina kwenye lile jiwe. Nikamwambia wamechonga. Jina gani? Nikasema la kizungu, nililibuni mimi. Akasema sawa. Mama yangu akisema sawa kwa namna ile, heri akupige kofi.

Kazi niliendelea nayo, nisijitie utakatifu. Kodi hailipwi kwa majuto. Lakini siku hizo nikifungua oda ya wale wapainia naifunga tena mara mbili tatu kabla ya kuianza. Nilimwandikia yule msichana kwamba insha ile si ya ukoo wao, kwamba mtoto yule ni wa kwetu na jiwe walifunike. Alinijibu kwa adabu sana kwamba hanielewi, na kwamba simulizi kama hizo ni za watu wote. Baadaye mwenye akaunti akanipigia kunionya nisisumbue wateja.

Trekta ilizidi kusogea juu. Kila nikipita kule naona kahawa zimelala mizizi juu.

Siku moja katikati ya wiki nilifika Theta bila kuambia mtu nikakuta viatu vya cucu nje, vimejaa udongo mpaka kwenye kamba. Vya mama vilikuwa kando yake, hivyo hivyo. Cucu ambaye hatembei kwenda chooni bila kushikwa. Nikaingia. Cucu alikuwa kitandani amejifunika, macho wazi. Mama alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi, waru. Hapakuwa na kilio wala maombi, ni kama watu waliotoka sokoni.

"Mmeenda," nikasema.

"Tumeenda," mama akajibu.

"Na mmempata?"

Mama aliendelea kumenya. Nikajua hilo si langu kuuliza wala kujibiwa. Na kitu kingine nikakiona: mama alikuwa ametulia usoni jinsi ambavyo sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Basi cucu alikuwa amejivua nguo mbele ya mtoto wake, jambo ambalo alikuwa amekataa kulifanya karibu miaka sabini, na sasa amelifanya kwa sababu yule wa kuambiwa, mimi wa jina lake, sikufaa.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia cucu nimekosa, anionyeshe na mimi, hata mama asijue, hata nisiende, aniambie tu ni upande gani.

"Ukijua utaandika," akasema.

"Siandiki, cucu."

"Basi apa. Apa kwa hili jina letu, kwamba hutaliandika jambo hili, la kuuza wala la bure."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekusudia kabisa kuapa, kiapo kilikuwa ulimini. Lakini nilikuwa nimeviona vile viatu mlangoni, na nikiwa pale pale magotini nikajikuta natafuta neno la rangi ya udongo ule, natafuta sentensi itaanza na viatu vya nani, vya mama au vya cucu. Sikuapa. Cucu akageukia ukutani. Mama akatia waru majini akaniambia nile kabla sijaondoka.

Niliondoka bila kula. Nikaandika haya wiki hiyo hiyo.